Kufundisha Wastani na Makadirio: Mfano wa Basi na Taa za Barabarani

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya Hisabati vya shule za msingi, basi ni chombo kitiifu mno. Huondoka mjini saa 2.00 asubuhi, husafiri kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa bila kupunguza wala kuongeza, na hufika saa ile ile aliyoitaka mtunga swali. Mwanafunzi hugawanya umbali kwa mwendo, huandika jibu, na mwalimu hutia alama ya vyema. Maswali ya namna hii yanafaa kwa kujifunza kanuni, na hatuna sababu ya kuyaacha. Lakini mwanafunzi aliyewahi kungoja kituoni anajua kwamba basi la kweli haliendi hivyo. Asipoonyeshwa jinsi hesabu inavyokutana na basi la kweli, atahitimu akidhani kwamba hesabu ni mambo ya darasani, na maisha ni mambo mengine.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha katika Darasa la Sita au la Saba. Tutachukua tatizo moja la kweli linalowashughulisha wahandisi wa miji mikubwa: kukadiria ni sekunde ngapi basi litatumia kufika kwenye taa za kuongozea magari, ili taa ziliruhusu lipite bila kusimama. Tatizo hili halihitaji hesabu ngumu. Linahitaji kugawanya, kujumlisha, kutafuta wastani, na jambo moja ambalo mara nyingi hatulifundishi: kueleza makadirio yetu yanaweza kukosea kwa kiasi gani.

Tatizo lenyewe

Kazi ya taa za barabarani ni kugawa wakati. Makutano hayawezi kutumiwa na barabara mbili zinazokatana kwa dakika ile ile, kwa hiyo kila barabara hupewa fungu lake la sekunde. Muda wote tangu kijani kuwaka hadi kijani hiyo hiyo kuwaka tena huitwa mzunguko wa taa. Katika makala haya tutatumia mzunguko wa sekunde 90. Kwa barabara ya basi, kijani huwaka kwa sekunde 40, njano kwa sekunde 3, na nyekundu kwa sekunde 47.

Taa za kwanza za kuongozea magari ziliwekwa London mwaka 1868, karibu na jengo la Bunge. Zilikuwa taa za gesi, na aliyeziendesha alikuwa askari. Taa za umeme zilizowekwa katika mji wa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 nazo ziliongozwa na askari aliyeketi katika kibanda. Tuzingatie jambo hili: askari ana macho. Akiona basi limejaa watu linakaribia, anaweza kuyazuia magari ya upande wa pili kwa sekunde chache zaidi ili lipite. Hata leo katika miji yetu si ajabu kumwona askari wa usalama barabarani akifanya hivyo saa za msongamano. Taa inayoongozwa na saa tu haina macho. Itageuka nyekundu mbele ya basi lenye abiria 60, hata kama upande wa pili hakuna gari hata moja.

Ili taa ziweze "kuona", miji kadhaa imeweka vitambuzi. Kitambuzi kinaweza kuwa koili ya waya iliyofukiwa chini ya lami, nayo hupata ishara basi linapopita juu yake. Kinaweza pia kuwa chombo ndani ya basi kinachojua mahali lilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha kikatuma habari kwa redio. Mabasi ya London yapatayo 8,000 yalifungiwa mfumo wa namna hiyo, uitwao iBus, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2009.

Taa zikishapata habari kwamba basi linakuja, zina njia mbili kuu za kulisaidia. Ya kwanza ni kurefusha kijani iliyokwisha kuwaka. Ya pili ni kuwahisha kijani kwa kupunguza muda wa nyekundu. Njia zote mbili hutegemea jibu la swali moja: basi litafika lini kwenye mstari wa kusimamia? Jibu likiwa baya, kijani itarefushwa bure, na wanaongoja upande wa pili watakuwa wamenyimwa sekunde zao bila faida kwa mtu yeyote.

Hesabu ya kwanza: njia isiyo na kituo

Tuseme kitambuzi kiko mita 200 kabla ya mstari wa kusimamia, na kati yake na mstari huo hakuna kituo cha basi. Basi linakwenda kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa. Wanafunzi wabadili kwanza vipimo: kilomita 36 ni mita 36,000, na saa moja ni sekunde 3,600. Kwa hiyo basi linakwenda mita 10 kwa sekunde, nalo litamaliza mita 200 kwa sekunde 20.

Hapo ndipo kitabu cha kawaida kinapoishia, na hapo ndipo somo letu linapoanza. Mwalimu awape wanafunzi nyakati za safari kumi. Takwimu hizi zimetungwa kwa ajili ya zoezi, na mwalimu awaeleze wanafunzi hivyo:

Sekunde 18, 19, 20, 20, 20, 20, 20, 21, 21, 21.

Jumla ni 200, na wastani ni sekunde 20. Wastani umeafikiana na hesabu ya mwendo, na wanafunzi watafurahi. Sasa mwalimu aulize: "Basi linapotambuliwa, kijani imebakiza sekunde 14. Turefushe kijani kwa sekunde ngapi?"

Wengi watajibu sekunde 6, kwa kuwa 20 kutoa 14 ni 6. Mwalimu asiseme kwamba wamekosa. Awaambie warudi kwenye orodha na kuhesabu mabasi yatakayopita kijani ikizimika kwenye sekunde ya 20. Watapata saba. Mabasi matatu, yale ya sekunde 21, yatafika taa imekwisha kugeuka. Kumbe anayetegemea wastani peke yake anayaacha mabasi matatu kati ya kumi. Tukirefusha kwa sekunde 7 badala ya 6, yote kumi yatapita. Sekunde moja ya tahadhari imewafaa abiria wa mabasi matatu.

Kisha watafute basi lingengoja muda gani kama taa zisingelisaidia. Kijani inazimika kwenye sekunde ya 14. Njano inachukua sekunde 3 na nyekundu 47, hivyo kijani inayofuata itawaka kwenye sekunde ya 64. Basi lililofika kwenye sekunde ya 20 litangoja sekunde 44. Sekunde 7 za kurefusha kijani zimeliokoa basi na sekunde 44 za kungoja. Mwalimu awape wanafunzi muda wa kulitafakari jambo hili, kwa maana ndilo linalowafanya wahandisi wahangaike na tatizo hili.

Hesabu ya pili: kituo kilicho kabla ya taa

Sasa tuweke kituo cha basi kati ya kitambuzi na taa. Umbali ni ule ule, mita 200, na dereva ni yule yule. Nyakati za safari kumi, ambazo nazo zimetungwa kwa zoezi, ni hizi:

Sekunde 26, 29, 31, 34, 36, 38, 42, 47, 55, 62.

Jumla ni 400, na wastani ni sekunde 40. Mwalimu aulize: "Ni safari ngapi zilizochukua sekunde 40?" Wanafunzi watatafuta na hawataipata hata moja. Hapa watambue kwamba wastani unaweza kuwa sahihi kabisa kwa hesabu, na usiwe wakati wa safari yoyote.

Tofauti imetoka wapi? Lami haikubadilika. Kilichobadilika ni watu. Safari moja hapakuwa na abiria kituoni, basi likapunguza mwendo tu na kuendelea. Safari nyingine alipanda mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Nyingine tena wanafunzi kumi walikuwa wakigombea mlango, na kondakta akitafuta chenji. Muda wa basi kusimama kituoni ndio sehemu ngumu kuliko zote kuitabiri, kwa sababu hautokani na umbali wala mwendo.

Tuseme safari hii kijani imebakiza sekunde 34 basi linapotambuliwa, na sheria ya makutano hayo inakataza kurefusha kijani kwa zaidi ya sekunde 10. Kwa hiyo kijani itaweza kuendelea hadi sekunde ya 44. Wanafunzi wayagawe mabasi kumi katika mafungu matatu:

(a) Mabasi manne (26, 29, 31 na 34) yangepita hata bila kusaidiwa.
(b) Mabasi matatu (36, 38 na 42) yamepita kwa sababu kijani ilirefushwa.
(c) Mabasi matatu (47, 55 na 62) hayakupita, ingawa kijani ilirefushwa kadiri ilivyowezekana.

Katika fungu la (c) watu wa upande wa pili wamengoja sekunde 10 zaidi, na basi nalo limesimama. Hasara imekuwa ya pande zote mbili. Je, tuondoe kikomo ili mabasi yote yapite? Lile la mwisho linahitaji kijani irefushwe kwa sekunde 28. Wanafunzi waulizwe kama wao wangekubali kungoja hivyo kila basi linapokaribia.

Mwalimu alinganishe orodha mbili. Katika ya kwanza, tofauti ya wakati mkubwa na mdogo ni 21 kutoa 18, yaani sekunde 3. Katika ya pili ni 62 kutoa 26, yaani sekunde 36. Tofauti hiyo tuiite mtawanyiko. Wastani hutuambia katikati ya takwimu ni wapi, na mtawanyiko hutuambia tuutegemee wastani huo kwa kiasi gani. Mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji kanuni kubwa zaidi ya hii ili aelewe jambo lenyewe.

Kitambuzi kiwekwe wapi?

Wanafunzi wakishaelewa mtawanyiko, wataweza kufikiri kuhusu swali la mhandisi. Kitambuzi kikiwekwa mbali, taa hupata habari mapema na huwa na nafasi ya kujipanga, lakini mambo mengi yanaweza kutokea njiani na makadirio yakaharibika. Kikiwekwa karibu, makadirio huwa mazuri, lakini taa hupata habari zikiwa zimechelewa. Habari ya mapema huja na mashaka, na habari ya hakika huja imechelewa. Hakuna hesabu inayoondoa ugumu huu, na kazi ya mhandisi ni kuchagua mahali pa kati panapofaa.

Hata hivyo kuna ufumbuzi ambao wanafunzi wenyewe huweza kuugundua wakipewa muda: kihamisheni kituo. Kituo kikiwekwa baada ya taa, basi hupita makutano kwanza, kisha husimama kupakia abiria. Orodha ya pili hugeuka kuwa kama ile ya kwanza, bila kubadili chochote katika taa zenyewe. Ndivyo ilivyofanyika katika mabasi ya haraka yaliyoanzishwa Los Angeles, Marekani, mwaka 2000, hasa katika barabara ya Wilshire. Vituo vilipunguzwa na kuwekwa mbele ya makutano, na taa zikarekebishwa ziyatambue mabasi. Muda wa safari ulipungua kwa kadiri ya asilimia 25, na kama theluthi moja ya upungufu huo ilitokana na taa. Hapa pana zoezi zuri la asilimia: safari iliyochukua dakika 60 hupungua kwa dakika 15, na kati ya hizo kama dakika 5 ni kazi ya taa. Zilizobaki zilitokana na mambo mengine, kama kupunguza vituo.

Mwalimu anayefundisha Dar es Salaam ana mfano wa karibu. Mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kubeba abiria huko mwezi wa Mei 2016, katika njia za awamu ya kwanza zenye urefu wa kilomita zipatazo 21, nayo yamepewa njia yake ya peke yake. Njia hiyo huliepusha basi na foleni ya magari, lakini haiondoi makutano. Palipo na barabara inayokatiza, lazima mmoja amngoje mwenziwe, na swali letu la sekunde linarudi pale pale.

Kuyarekebisha makadirio

Saa 1.00 asubuhi si sawa na saa 5.00, na siku ya mvua si sawa na siku ya jua. Kwa hiyo makadirio hayana budi kurekebishwa kadiri mabasi yanavyopita. Njia moja rahisi ni hii:

Makadirio mapya = makadirio ya zamani + robo ya kosa.

Kosa ni tofauti kati ya wakati halisi na wakati uliokadiriwa. Tuseme tulikadiria sekunde 20, na basi likachukua 28. Kosa ni 8, robo yake ni 2, na makadirio mapya ni 22. Basi linalofuata likachukua 26: kosa ni 4, robo yake ni 1, makadirio mapya ni 23. La tatu likachukua 27: kosa ni 4, na makadirio yanakuwa 24.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini tusiongeze kosa lote mara moja. Mwalimu ajibu kwa swali: "Kama basi moja lilichelewa kwa sababu mkokoteni ulianguka barabarani, je, mabasi yote yatakayofuata yataukuta mkokoteni huo?" Robo hutuwezesha kujifunza kutokana na jambo jipya bila kuyasahau ya zamani. Mwaka 1960 mwanahisabati Rudolf Kalman alichapisha njia ambayo sehemu hiyo haiwi robo daima, bali hupangwa kwa kupima ni kipi kinachostahili kuaminiwa zaidi, makadirio ya zamani au kipimo kipya. Njia hiyo imetumiwa kuongoza vyombo vya angani, na hutumiwa pia kukadiria nyakati za mabasi. Wanafunzi hawatajifunza kanuni zake sasa, lakini wazo lake watakuwa wamekwisha kulionja.

Nani anangoja?

Hesabu hii inagusa haki, na mwalimu asione haya kuligusa jambo hilo darasani. Katika mfano wetu wa kwanza basi lina watu 60, na kila mmoja ameokoa sekunde 44. Jumla ni 60 × 44, yaani sekunde 2,640, au dakika 44. Upande wa pili wapo watu 24 katika magari madogo 12, na kila mmoja amengoja sekunde 7 zaidi. Jumla ni sekunde 168, yaani dakika 2 na sekunde 48. Ukihesabu magari, utaona 12 yamengojeshwa kwa ajili ya moja. Ukihesabu watu, utaona jambo jingine kabisa.

Lakini mwalimu asiishie hapo, ili somo lisiwe hotuba. Abadili mfano: ni usiku, na ndani ya basi wamo watu 3 tu. Watu 3 × 44 ni sekunde 132, nazo ni pungufu ya 168. Kwa takwimu hizi haifai kurefusha kijani. Ndiyo maana kuna miji ambayo taa zake hulisaidia basi lililochelewa tu, na kuliacha lililo katika ratiba lingoje zamu yake.

Tena kuna watu wasiohesabiwa katika magari: waendao kwa miguu. Hao huvuka barabara ya basi wakati taa ya basi ni nyekundu. Tukifupisha nyekundu, tunafupisha muda wao wa kuvuka. Barabara ikiwa na upana wa mita 14, na mtoto akitembea mita 1 kwa sekunde, anahitaji sekunde 14. Basi likiwa limejaa kiasi gani, sekunde hizo haziguswi. Wanafunzi wetu ndio wavukao, na wanastahili kujua kwamba muda wao nao umo katika hesabu.

Namna ya kufundisha

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Kipindi cha kwanza kifanyike uwanjani. Wengi wa wanafunzi wa vijijini hawajapata kuona taa za barabarani, na mwalimu asiliepuke somo kwa sababu hiyo. Mchezo ufuatao utawaonyesha jambo lenyewe.

Zana: chaki au majivu ya kuchora mistari, vitambaa viwili (cha kijani na chekundu), kopo, kokoto, vipande vya karatasi vyenye namba 0 hadi 6, na saa yenye mshale wa sekunde au simu ya mkononi. Pasipo na saa, jiwe lililofungwa kwenye uzi wa urefu wa mita moja na kuning'inizwa litatosha. Kila linapobembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, ni karibu sekunde moja.

Hatua ya kwanza. Chora mstari wa "kitambuzi" na mstari wa "taa", umbali wa mita 40. Ligawe darasa katika makundi ya watu wanane. Katika kila kundi awepo basi, mtabiri, mpima wakati, mwandishi na mshika taa. Waliobaki ni abiria na waangalizi, na kazi zibadilishwe kila baada ya safari mbili ili kila mmoja ashiriki.

Hatua ya pili. Basi litembee kwa mwendo wa kawaida bila kusimama. Kabla ya kila safari, mtabiri aandike sentensi hii: "Nakadiria sekunde ___, na huenda nikakosea kwa sekunde ___." Safari zirudiwe mara kumi.

Hatua ya tatu. Weka kituo katikati ya njia. Basi likifika hapo lichukue kipande kimoja cha karatasi bila kuchagua, kisha lingoje kokoto zihamishwe moja moja ndani ya kopo kwa idadi iliyoandikwa. Kila kokoto ni abiria mmoja anayepanda. Zirudiwe safari kumi.

Hatua ya nne. Mshika taa azimishe kijani katika sekunde iliyotajwa na mtabiri. Kundi lihesabu mabasi yaliyopita na yaliyoachwa.

Kipindi cha pili kiwe darasani. Kila kundi litafute wastani na mtawanyiko wa orodha zake mbili, lichore grafu ya mihimili, kisha lieleze kwa maneno kwa nini orodha zinatofautiana. Mwalimu aandike matokeo ya makundi yote ubaoni, kwa kuwa orodha ndefu huonyesha ukweli kuliko orodha fupi.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, wanafunzi wengine watapenda kurekebisha takwimu ili zilingane na utabiri wao, au mtembeaji ataharakisha ili mtabiri wake ashinde. Mwalimu alizuie jambo hili kwa upole na kwa uthabiti. Mtabiri asisifiwe kwa kupatia tu. Asifiwe pale kosa lake linapokuwa ndani ya mipaka aliyoitaja mwenyewe.

Pili, kuna mwanafunzi atakayejilinda kwa kutaja mipaka mipana mno: "Nakadiria sekunde 40, na huenda nikakosea kwa sekunde 100." Huyo hatakosea kamwe, wala hatamsaidia mtu yeyote. Aulizwe kama mshika taa anaweza kufanya kazi kwa makadirio hayo.

Tatu, katika tathmini, mwalimu asipime hesabu ya wastani peke yake. Atoe orodha mbili zenye wastani mmoja na mtawanyiko tofauti, kisha aulize ni basi lipi ambalo taa zinaweza kulisaidia kwa urahisi, na kwa nini. Jibu la sentensi mbili zilizo wazi litamwonyesha kama somo limeeleweka.

Hitimisho

Baadhi ya watoto tunaowafundisha watakuwa madereva, makondakta, askari wa usalama barabarani na wahandisi. Wote watakuwa raia watakaoambiwa kila siku kwamba mvua itanyesha, mavuno yatakuwa magunia kadhaa, au mradi utakwisha baada ya miezi kadhaa. Raia aliyezoea kuuliza, "Mmekadiria kwa kutumia nini, na mnaweza kukosea kwa kiasi gani?" hapotoshwi kwa urahisi. Somo la basi na taa linampa mtoto nafasi ya kuliuliza swali hilo mapema, akiwa na kokoto mkononi na uwanja wa shule mbele yake.

Maswali ya kujadili

1. Andika orodha mbili za nyakati za safari kumi zenye wastani wa sekunde 30. Orodha moja iwe na mtawanyiko wa sekunde 4, na ya pili wa sekunde 40. Utaanzaje kuzitambulisha kwa wanafunzi wako?

2. Endeleza mfano wa kurekebisha makadirio kwa kutumia nusu ya kosa badala ya robo. Kuna faida gani, na kuna hatari gani?

3. Shule uliyopangiwa haina uwanja wa kutosha na darasa lina wanafunzi 80. Panga upya mchezo wa basi na taa ili kila mwanafunzi ashiriki.

4. Taja jambo jingine katika mazingira ya shule yako, lisilo la usafiri, ambalo wastani wake ni rahisi kuupata lakini mtawanyiko wake ni mkubwa. Liandalie somo la kipindi kimoja.